Uso wa Kambo kwenye Triko ya Njano

Watu wa mtaa wa Naviundu, hapa Lubumbashi, wanamfahamu Mama Léonie kwa nguo za watu wengine. Asubuhi hushuka kuelekea mtoni, huvuka daraja, huenda mtaa wa Golf kwenye nyumba moja yenye maua mengi na mbwa wawili, ambako amepiga pasi mashati ya familia ileile tangu watoto wa mle wakiwa wadogo mpaka sasa wameoa. Jioni akirudi, majirani humletea zao: gauni jeupe la komunyo ya kwanza, suruali ya mwalimu, koti la bwana arusi lililoazimwa. Hupokea nguo, huigeuza upande wa ndani kutafuta mishono, kisha huuliza swali moja tu, "Unaitaka lini?"

Ana pasi mbili. Moja ni ya umeme, ya siku umeme ukiwepo. Nyingine ni ya makaa, nzito, yenye jogoo mdogo wa chuma juu ya komeo lake, nayo ndiyo hufanya kazi zaidi. Hapa kwetu nguo iliyoanikwa nje haivaliwi kabla ya kupigwa pasi, kwa ajili ya yule nzi anayetaga kwenye kitambaa kibichi, funza wake akaingia chini ya ngozi. Kwa hiyo mama anayempigia mtoto nguo pasi hafanyi urembo, anamkinga. Mama Léonie alimpigia binti yake Lydie pasi hata nepi, mbele na nyuma, mpaka wenzake wakamcheka.

Baba yake alitoka Kongolo, kule kaskazini, akaja kufanya kazi ya reli. Léonie alizaliwa kambini mwa watu wa reli, mahali ambapo kila nyumba ilikuwa na lugha yake ndani, na Kiswahili kilikuwa cha uani, cha bombani na cha ugomvi. Yeye alibaki na hicho cha uani. Aliolewa na Alphonse, fundi wa tanuru la shaba, mtu mrefu mwenye masharubu aliyeng'ang'ania kuimba sauti ya chini katika kwaya ingawa sauti yenyewe hakuwa nayo. Walizaa zaidi ya mara moja, wakazika zaidi ya mara moja. Aliyekua ni Lydie peke yake.

Alphonse alipofariki, ukoo ulifanya kama desturi ya mji huu. Picha yake ya kitambulisho ilipelekwa kwa wachapaji, ikakuzwa, ikatiwa msalaba na tarehe mbili, ikabandikwa kwenye triko nyeupe. Triko ndilo jina letu la fulana. Ndugu, majirani na watu wa kwaya wakavaa uso wake kifuani, wakaenda nao makaburini. Lubumbashi ukimwona mtu amevaa uso wa mtu, huulizi kitu; unasema pole. Baada ya kilio triko hizo huendelea kuishi. Utamwona marehemu sokoni akiuza mihogo, utamwona kwenye ujenzi akibeba saruji, mpaka jua na sabuni vimfute. Ile ya Mama Léonie imekuwa nguo ya kulalia. Masharubu yamebaki, macho yamekwenda.

Lydie naye aliolewa, na Israël, mfanyabiashara wa vitambaa, mtu mpole wa Kasai. Wakahamia Mbuji-Mayi, hukohuko Kasai, nyumbani kwa mama yake Israël. Huyu Mama Israël alizaliwa hapahapa Lubumbashi. Aliondoka mwanzoni mwa miaka ya tisini, na watoto wadogo na mafurushi, wakati ule watu wa Kasai walipofukuzwa hapa wakajaa kwenye mabehewa. Alimpokea Lydie vizuri, akamlisha vizuri, ila aliweka sharti moja: Kiswahili kibaki nje ya mlango wake. Mama Léonie hakulalamika. Yale mabehewa aliyaona kwa macho yake, siku aliyompelekea baba yake chakula stesheni.

Abigaël alizaliwa huko, akajifunza kuongea huko, kwa Tshiluba. Sasa ana miaka minne, na kambo yake, yaani bibi yake, hajawahi kumshika mkono.

Shida ilikuwa simu. Kila siku ya yenga, yaani Jumapili, baada ya misa, Mama Léonie aliketi kwenye kigoda chake uani na kumpigia Lydie. Picha ilikuwa haitaki. Ilionyesha kipande cha paji la uso, ikaganda, ikazima. Ikabaki sauti. Lydie alisema, "Salimia kambo," mtoto akasema neno kwa Tshiluba, kisha zikasikika nyayo zikikimbia.

"Anasema nini?"

"Iko anaenda kucheza, mama."

Kila yenga alikuwa anaenda kucheza. Lakini mara moja Lydie alichelewa kutafsiri, na Mama Léonie, ambaye maisha yake yote amesikiliza kitambaa kama kimekauka au bado, akasikia kwamba kuna kitu kinafichwa.

"Lydie. Mutoto amesema nini?"

"Anauliza ni nani, mama."

"Nani nani?"

"Weye. Anauliza weye ni nani."

Alimaliza mazungumzo kwa adabu, akauliza habari za mimba ya Lydie, maana mtoto wa pili alikuwa njiani, akawasalimu wote nyumbani. Kisha akaiweka simu ndani ya mfuko wa kitenge na kubaki pale. Kwenda Mbuji-Mayi hakukuwa jambo la kuamka na kuondoka. Treni huenda ikitaka, barabara wakati wa mvua humeza malori, na miguu yake, kwa miaka yote ya kusimama mbele ya meza, jioni huwa imejaa kama mikate iliyoumuka. Na nyumba ya Golf haingemngoja, ingempata mwingine. Lydie naye hakuweza kupanda gari kwa hali ile. Lugha mtoto angejifunza baadaye, safari ingepatikana baadaye. Lakini uso? Alitaka Abigaël aujue uso wake. Basi. Akikutana nao siku moja mlangoni, asiulize ni nani.

Wazo lilimjia alipokuwa anakunja nguo yake ya kulalia. Alimwambia kwanza Victorine, jirani yake anayekaanga mikate mbele ya geti, kwa sababu Victorine asipoambiwa jambo hulitafuta mwenyewe.

"Weye Léonie!" Victorine aliinua mwiko juu ya mafuta. "Bantu banabatiaka kwa triko kiisha kufa. Weye unakimbia mbele ya foleni?"

"Alphonse iko kwa triko, namumona kila siku. Ule mutoto hajanimona hata siku moja."

"Alphonse alikufa!"

"Miye bado. Njo maana naweza kuchagua rangi."

Victorine alicheka mpaka mkate mmoja ukaungua. Lakini alipoona mwenzake hacheki, alifuta mikono na kusema, "Tutaenda bote. Peke yako utakubali mutu akutie na njiwa kama marehemu."

Walikwenda Kasapa, kwenye kibanda cha Gauthier, mchapaji ambaye huwajalidia wanafunzi wa chuo kikuu kazi zao za mwisho wa masomo na kuwachapia watu picha za kubandika kwa pasi. Gauthier alipomwona mama wa makamo akitoa picha ya kitambulisho kwenye bahasha, alivua kofia na kusimama.

"Pole sana, mama. Alikuwa nani?"

"Ni miye."

Gauthier aliitazama picha, akamtazama yeye, akairudia picha. Victorine aligeukia ukutani, mabega yakitetemeka.

"Mama," alisema Gauthier kwa sauti ya taratibu, kama mtu anayezungumza na mgonjwa, "hapa tuko na ba modèles tatu. Iko ya musalaba. Iko ya mishumaa. Iko ya mawingu na njiwa."

"Mawingu hapana. Sijayapanda bado."

Akamweleza. Triko ni ya mtoto wa miaka minne, aliye mbali. Juu aandike ABIGAËL kwa herufi kubwa, katikati aweke picha, chini aandike: Kambo yako. Gauthier aliandika kwenye mashine yake, vidole vikienda vyenyewe, na chini ya maneno hayo akaanza kuweka kistari na nafasi mbili.

"Hii ni ya nini?" aliuliza Mama Léonie, akionyesha.

"Ni ya tarehe ya ku..." Gauthier alijishika kichwa. "Pardon, mama! Mukono ilizoea."

Akafuta. Halafu akaishika ile picha ya kitambulisho mbali kidogo na macho. "Lakini hii photo, hata nikiizungushia maua, bantu batalia. Angalia. Hii ni sura ya mutu anaona Mungu. Nikupige ingine, ya kucheka."

Hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu. Mama Léonie alisimama mbele ya ukuta mweupe, mikono chini, kama anayesubiri adhabu. Gauthier aliinua simu. Cheka, mama. Alivuta midomo. Sio vile, mama, hivyo ni kama jino linauma. Alijaribu tena, ikawa mbaya zaidi.

"Nacheka nini?" alisema. "Hakuna kintu."

"Hakuna kintu?" Victorine alisogea. "Na ile siku ya mbwa?"

"Victorine, nyamaza."

"Gauthier, sikiliza. Huyu mama alipiga fer kaleso, chupi ya patron wake, nyeupe, imenyooka sawa karatasi. Mbwa ikaikamata na meno, ikatoka nayo barabarani, Golf yote inaangalia. Na huyu nyuma, anakimbia, analalamika kwa mbwa: Monsieur! Monsieur! Rudisha, Monsieur!"

Mama Léonie alipasuka. Alicheka kwa mwili mzima, kichwa nyuma, na mkono ukapanda kufunika mdomo kama ulivyo mwendo wake siku zote, lakini Gauthier alikuwa ameshabonyeza. Katika picha mkono ule ulikuwa njiani, haujafika. Gauthier alitaka kurudia, apate iliyotulia. Mama Léonie aliitazama kwa muda mrefu.

"Hii," alisema. "Hata kama hainipendezi. Njo miye."

Karatasi ilipotoka mashineni, uso ulikuwa umegeuzwa kama kwenye kioo, maana picha ya namna hiyo huchapwa kinyume ili ikibandikwa ikae sawa. Gauthier alinyoosha mkono kwenye mashine yake kubwa ya kubandikia. Mama Léonie akasema hapana. Triko ilikuwa nyumbani, ya njano, ameinunua mpya na kuiosha. Na pasi ilikuwa nyumbani pia.

"Utaiharibu, mama. Hii kazi inaombaka uzoefu."

"Unamuambia nani?" aliuliza Victorine. "Huyu mutu alizaliwa na fer kwa mukono."

Gauthier akampa masharti. Asipige juu ya blanketi, meza iwe ngumu. Pasi isitembee, ikae. Na maji asitie, hata tone.

Jioni hiyo umeme haukuwepo. Mama Léonie aliwasha makaa, akangoja yawe mekundu bila moshi, akayatia ndani ya pasi ya jogoo, akaizungusha hewani mara chache majivu yatoke. Juu ya meza alilaza ubao na shuka moja iliyokunjwa. Akalaza triko.

Kuhusu ukubwa alikuwa amekisia. Alimwuliza Lydie mtoto anafika wapi, Lydie akasema anafika kwenye kipini cha mlango. Siku ya kununua, Mama Léonie alisimama kwenye mlango wake mwenyewe, akaishika triko ikining'inia chini ya kipini, akaitazama hivyo, tupu, mpaka Victorine akamwita.

Aliiweka karatasi, uso chini, akaipima kwa vidole kutoka kila bega. Kisha mkono wake wa kushoto, bila kuulizwa, ukachovya kwenye bakuli la maji na kupanda juu ya kitambaa kukinyunyizia, kama unavyofanya kabla ya kila nguo tangu ujana wake. Aliukamata kwa mkono wa pili. Tone moja lilikuwa tayari kwenye ncha ya kidole. Akaufuta kwenye kitenge, akalihamisha bakuli akaliweka chini, mbali.

Kukandamiza bila kusogeza ndiko kulikomchosha. Mkono uliozoea kwenda, sasa uliambiwa ukae. Aliegemea pasi kwa uzito wote, akahesabu kimoyomoyo, akainua, akaegemea pembeni, akainua. Alipoivuta karatasi kwa ukucha, herufi ya mwisho ya jina haikushika; akairudisha, akaegemea tena. Ikashika.

Akawa anajitazama. Uso wa mtu mzima, unaocheka, juu ya kifua kisicho kipana kuliko sahani. Hakuona kama ni mzuri. Aliigeuza triko, akapiga pasi mgongo, akapiga mikono, akaingiza ncha ya pasi kwenye mishono ya ndani ambayo hakuna atakayeiona. Ilikuwa nguo ya kwanza ya Abigaël kupita mikononi mwake, na hakuwa na haraka ya kuimaliza. Daima alikuwa akijiuliza nguo za mtoto yule zinapigwa pasi na nani, na kama anapita kwenye mishono.

Triko ilisafiri na dereva wa lori, mtu wa parokia, ndani ya mfuko uliofungwa mara tatu. Ilipofika Lydie alituma ujumbe wa maneno mawili: imefika, asante. Siku ya yenga iliyofuata simu yake haikupatikana. Iliyofuata tena, ikaita bila kujibiwa. Mama Léonie aliendelea na kazi, lakini huko Golf wakaona mashati yana mikunjo miwili mahali pa mmoja.

Halafu siku moja, jioni, simu iliita kwa namba asiyoijua.

"Alo? Huko ni kwa nani?"

Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee, kwa Kiswahili, Kiswahili chenyewe cha hapa, kilichotoka kwa shida kama mlango usiofunguliwa siku nyingi.

"Ni kwa Léonie."

"Léonie mwenyewe?"

"Mwenyewe. Nani anasema?"

"Aa, Nzambi wangu! Ni miye bukwe wako, mama ya Israël. Uko muzima kweli?"

"Niko muzima, bukwe. Kuna nini?"

Maneno ya Mama Israël yakaja yote pamoja. Mtoto alivaa ile nguo akapita nayo avenue nzima, anaonyesha kila mutu. Lydie alikuwa amekwenda kupimwa mimba. Yeye mwenyewe alikuwa sokoni. Kurudi, anakuta wanawake wa avenue wameketi uani kwake, mkono shavuni, wengine wameshaleta maji na kuni. Kuuliza, wanamwonyesha mtoto.

"Sasa miye ningefanya nini? Nilitupa kikapu, nikakaa chini, nikakulilia. Nikakulilia vizuri kabisa, bukwe. Kiisha Lydie anarudia, anasema mama yangu haikufa, ni zawadi. Sikumuamini. Mutu wa mimba banamufichaka mambo. Nikasema labda balimudanganya. Hata simu yake nikamunyang'anya, asisikie habari mbaya bila miye. Leo nikasema hapana, nitapiga mwenyewe nisikie na sikio yangu." Akaongeza, "Ile machozi yangu utairudisha namna gani?"

Mama Léonie hakujua acheke au aombe radhi. Akauliza lililomjia.

"Ulinililia kwa luga gani, bukwe?"

Sauti ya upande wa pili ikashuka.

"Kwa Kiswahili. Kwa Tshiluba ungesikia?"

Kisha Mama Israël akakohoa, akarudi kuwa mama mwenye nyumba. Lile jambo la triko limekwisha, alisema. Ameifunga ndani ya sanduku, ufunguo anao yeye. Hawezi kuruhusu watu wampe pole kila siku kwa ajili ya mtu anayepumua; pole ya bure huita kifo.

"Siku yako ikifika tutaitoa, tutamuvalisha."

"Siku ile haitamutosha, bukwe."

"Njo vizuri. Ikae sana mule ndani. Usikasirike."

"Sikasiriki," alisema Mama Léonie, na hakukasirika. Alimshukuru kwa machozi. Alipokata simu, alikuta pasi imepoa mkononi mwake na shati la mtu limepigwa nusu mbele yake. Hakulimalizia siku hiyo. Victorine alimletea mikate kwenye karatasi, akauliza kulikoni, akaelezwa, na kwa mara ya kwanza hakupata neno la kuchekesha. Alisema tu, "Kumbe balishakuzika kwa sanduku," kisha akajutia, akakaa naye mpaka makaa yakafa.

Yenga iliyofuata Mama Léonie hakupiga. Alirudi kutoka misa, akavua viatu, akaweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi. Simu ndiyo ikaita, na alikuwa Lydie, amerudishiwa simu yake, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayezuia kitu, kicheko au kilio.

"Mama, mutoto anataka kusema na weye."

"Nani?"

"Abigaël. Ni yeye njo alileta simu. Anasema nikuite."

Ikasikika pumzi ndogo karibu kabisa na simu. Kisha maneno ya Tshiluba, mengi, moja baada ya jingine, bila nyayo za kukimbia.

"Anauliza," alisema Lydie, "kama kule kuko giza."

"Kule wapi?"

Lydie alishusha sauti. "Mama, usikasirike. Mutoto wa jirani, Ariel, alimuambia benye kuwa kwa triko bote balikufa. Nilimuambia hapana, kambo iko muzima. Kambo yake wa huku, mama ya Israël, naye alimuambia. Hasikii. Lakini haogopi, mama! Anasema Ariel iko na tantine, dada ya baba yake, kwa triko, lakini ule tantine hapigaka simu. Weye unapigaka."

"Muambie niko muzima."

Lydie alisema. Ile sauti ndogo ikajibu.

"Anasema ni vizuri. Lakini kuko giza?"

Mama Léonie alitazama uani. "Hapana," alisema. "Jua inawaka sana. Nimetia miguu kwa maji. Victorine iko anapika mikate."

Ikatafsiriwa. Ikarudi.

"Anauliza mikate ya huko ni tamu."

"Iko na mafuta mingi."

"Nakusikia!" alipaza sauti Victorine kutoka getini.

"Anauliza huyo ni nani, naye alikufa?"

"Muambie huyo alikufa zamani, ulimi njo ilikataa."

Lydie alicheka, mtoto akacheka kwa sababu mama yake amecheka, na Mama Léonie alisikia kicheko kile kikiingia sikioni mwake, kifupi, chenye mkwaruzo. Akasogeza simu zaidi, mpaka ikamuumiza.

Abigaël alikuwa na maswali mengine. Kule mnalala saa ngapi. Kuna mbwa. Lydie aliongeza la kwake, kwamba kila asubuhi mtoto huenda kwenye lile sanduku, analigonga kwa ngumi na kusalimia kwa Tshiluba, "Kaaku, moyo," halafu anaweka sikio. Mama Israël anamfukuza, anarudi.

"Kaaku ni nini?"

"Ni kambo, mama."

Na mtoto, aliyeona wakubwa wanazungumza bila yeye, alivuta simu na kuuliza jambo jingine kwa sauti ya ukali.

"Anauliza," alisema Lydie, "ile jino yako ya upande ilienda wapi."

Mkono wa Mama Léonie ulipanda mdomoni. Jino lile lilitoka alipokuwa na mimba ya Lydie huyuhuyu, na tangu hapo hajawahi kucheka mbele ya mtu bila kulifunika pengo. Hakuna aliyemwambia mtoto juu yake. Mtoto alikuwa ameliona mwenyewe, siku zile chache kabla sanduku halijafungwa. Alikuwa ameivuta triko mbele ya macho yake, au ameivua na kuilaza kitandani, akauchungulia uso ule pole pole, mahali kwa mahali.

"Muambie ilianguka," alisema alipoweza. "Muambie kule kwetu inaangukaka."

"Mama, unalia?"

"Maji ya beseni imekuwa baridi. Muambie tu."

Ikaambiwa. Kisha swali moja, fupi. Lydie hakulitafsiri mara moja.

"Sema," alisema Mama Léonie.

"Anauliza utarudia lini."

Mtu hurudi mahali alipokuwa kwanza, naye hakuwahi kufika. Aliiona barabara, na mvua, na miguu yake iliyolala ndani ya beseni, mipana, isiyo na viatu vinavyoitosha. Kuahidi asingeweza. Kusema sijui hakutaka liwe ndilo neno la kwanza mtoto yule kulishika kutoka kwake.

"Unamujibu nini, mama? Iko anangoja."

"Muambie aniulize tena kesho."

"Kesho haiko yenga, mama."

"Minajua," alisema Mama Léonie. "Muambie kesho."